Sitaha Iliyonyooka: Mfano wa Manowari ya Ndege Katika Karakana ya Lindi

Kabla sijaeleza namna tulivyoijenga manowari ile ndogo, yanipasa kwanza kueleza hali ilivyokuwa Lindi katika miaka iliyofuata vita kuu ya pili. Kijana wa leo akisikia neno karakana hudhani ni mahali penye mitambo na umeme. Karakana ya serikali ya wakati ule ilikuwa mabanda matatu ya mabati nyuma ya forodha. La kwanza lilikuwa la wahunzi. La pili lilikuwa la maseremala waliotengeneza milango, makabati na meza za ofisi za jimbo zima. La tatu, ambalo sakafu yake ilikuwa mchanga na lililoelekea majini, lilikuwa la kitengo cha mashua.

Kitengo hicho kilikuwa na watu sita. Kazi yao ilikuwa kutunza mashua za forodha na za kivuko, na kuunda mpya pale ya zamani isipofaa tena. Katika miaka ninayoizungumzia kazi ilikuwa imepungua. Bandari mpya ilikuwa ikijengwa kusini yetu, na ilisemekana kwamba mashua zake zitaletwa kutoka Ulaya zikiwa tayari, zenye injini, zilizofanana moja kwa nyingine kama matofali ya kalibu moja. Mafundi wa banda la tatu walilisikia neno hilo kama mtu asikiavyo habari za ugonjwa ulioko mji wa jirani.

Niliingia kazini katika hali hiyo. Nilikuwa nimesoma chuoni Kilwa Kivinje, nikapita katika nahau na mirathi, kisha nikapelekwa shule ya serikali. Siku yangu ya kwanza nilipokewa na Fundi Mkuu, ambaye alikuwa Kalasinga mwenye ndevu nyeupe na sauti ya chini, aliyezaliwa pwani hii na kukisema Kiswahili kama sisi, isipokuwa kila alipomaliza shauri alitia neno lake, “bas.”

“Chuoni ulisoma nini?” aliniuliza.

“Nahau, Fundi Mkuu. Na mirathi.”

“Mirathi! Basi unajua kugawa. Gawa inchi kumi na tatu na nusu mafungu sita.”

“Inchi mbili na robo.”

Alinitazama, akaitazama saruji ya sakafu, akasema, “Wewe utakaa meza ya ramani. Wengine hapa wakigawa, maiti hubaki na deni. Bas.”

Hivyo ndivyo nilivyokuwa karani wa ramani. Kazi yangu ilikuwa kunakili michoro ya Bwana Injinia, kuikuza au kuipunguza kwa kipimo, na kukata vigezo. Kigezo ni umbo lililokatwa katika kadibodi au bati, ambalo seremala huliweka juu ya ubao ili aufuate ukingo wake. Banda la kwanza na la pili walikuwa wakinijia kila siku. Banda la tatu hawakunijia kamwe, kwa kuwa hawakuwa na haja na mchoro.

Mkuu wa banda la tatu alikuwa Fundi Mfaume, mzaliwa wa Kivinje, mtu mfupi, mkavu, aliyevaa kikoi na koti kuukuu la forodha. Namna yake ya kuunda chombo ilikuwa namna ya waliomtangulia. Alilaza mkuku, yaani uti wa chini. Akasimamisha fashini, yaani nguzo za ncha, ya omo mbele na ya tezi nyuma. Kisha akapanga mbao za ubavu moja baada ya nyingine, akizikunja kwa moto na maji, na mataruma, yaani mbavu za ndani, akayatia baadaye ili yalifuate umbo lililokwisha kupatikana. Umbo lenyewe lilitoka katika jicho lake. Alikuwa akirudi nyuma hatua kadhaa, akifumba jicho moja, akisema, “Bado ina usingizi,” au, “Sasa imeamka.” Fundi Mkuu alimheshimu na hakumwingilia.

Aliyeingilia alikuwa Bwana Injinia, mkuu wa kazi za ujenzi katika jimbo. Asubuhi moja aliingia banda la tatu pamoja na Bwana Bandari, msimamizi wa bandari za jimbo. Mimi niliitwa nishike karatasi. Bwana Injinia alikisema Kiswahili alichojifunza kwa ajili ya mtihani, neno kwa neno, kama mtu avukaye mto juu ya mawe.

“Mafundi wa mashua hutumia macho,” alisema. “Macho hayawezi kuwekwa katika jalada. Fundi akifa, mashua yake hufa. Mimi ninakusudia kukifunga kitengo hiki.”

Fundi Mkuu alikuwa akizisugua ndevu zake. Aliyesema ni Bwana Bandari, ambaye wakati wa vita alikuwa afisa katika manowari ya kuchukua ndege, na bado alitembea kama mtu ambaye ardhi inamyumbia.

“Wape kazi ngumu kwa ramani,” alisema. “Ninayo ramani ya manowari yetu. Niliichora mwenyewe. Waunde mfano wake kutoka katika mbao tupu. Wakiweza, kibakize kitengo, nami nitakiagizia mashua za bandari mpya.”

“Na wakishindwa?”

“Funga.”

Bwana Injinia aliwaza. “Vizuri,” alisema. “Lakini nitaupima mwenyewe. Mstari mmoja ukipotoka kutoka katika ramani, nitafunga.”

Walipokwisha kutoka, Kasiani, mkerezaji wa banda la tatu, ndiye aliyesema kwanza. Kasiani alikuwa Mmatumbi, Mkatoliki kutoka vilima vya bara ya Kilwa, na kati yake na Fundi Mfaume palikuwa na utani wa kale wa watu wa bara na wa pwani.

“Mzee, manowari isiyo na tanga utaiendesha vipi?”

“Tanga utashona wewe,” alijibu Fundi Mfaume, “kwa kaniki ya bibi yako.”

“Bibi yangu anaihitaji. Nyinyi wa pwani mmezoea kuazima nguo.”

“Na nyinyi wa bara mkiona maji ya kisima mnaaga watoto.”

Watu walicheka, lakini kila mmoja alikuwa amekwisha kufahamu kwamba riziki yake imewekwa juu ya ubao.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Karatasi za ramani zilikuwa tatu. Ya kwanza ilionyesha manowari kwa ubavu, ya pili kwa juu, na ya tatu ilionyesha mikato, yaani umbo ambalo lingeonekana kama manowari ingekatwa kama mkate. Wachoraji wa merikebu huchora nusu tu ya kila mkato, kwa kuwa ubavu wa kuume na wa kushoto ni sawa. Nusu za omo huziweka kuume mwa mstari wa kati, na nusu za tezi kushoto. Nilimweleza Fundi Mfaume jambo hilo mara moja tu. Aliutazama mchoro, akasema, “Kumbe wanachora kama fundi nguo akunjavyo kanzu kabla ya kukata.” Hakuniuliza tena.

Kipimo tulichokichagua kilikuwa inchi moja ya mfano kwa futi kumi na sita za manowari, na kwa hesabu hiyo mfano ukawa na urefu wa karibu futi nne. Mwili wake tuliuunda kwa tabaka. Mvule uliotoka misitu ya nyuma ya Mitole ulipasuliwa mbao nyembamba. Kila ubao ukakatwa kwa umbo la manowari katika kimo fulani cha maji. Kisha mbao zikapandishwa moja juu ya nyingine kwa gundi ya ngozi na vijiti vya mti, zikabanwa katika jiriwa. Zilipokauka zilionekana kama ngazi. Fundi Mfaume alizichonga ngazi hizo kwa tezo ndogo, kisha kwa randa, kisha kwa kipande cha chupa, na mimi nilikuwa nikipachika vigezo vya bati mpaka kigezo na mti vigusane bila mwanga kupita.

Kasiani alikereza mizinga kwa mpingo, midogo kama misumari, akavunja mingi kabla hajaizoea. Rafadha, yaani mapanga yanayoisukuma manowari, alizifua mhunzi wa banda la kwanza kwa shaba. Mbawa za ndege tulizikata katika kifuu cha nazi, kwa kuwa kifuu kina mpindo wake wa asili na hakipasuki kikisuguliwa polepole. Nyaya za chuma zilizotandazwa kukingama sitaha, yaani sakafu ya juu, ili kuzinasa ndege zinapotua tuliziwakilisha kwa nyuzi za hariri zilizopakwa nta. Mnara, ambao ndani yake mna dohani na chumba cha nahodha, ulisimama upande wa kuume peke yake. Jambo hilo lilimsumbua Fundi Mfaume kwa juma zima.

“Mzigo wote upande mmoja,” alilalamika. “Farumi yao wameiweka wapi?”

Farumi ni uzito unaowekwa chini ya chombo ili kisilale. Nilimwambia kwamba manowari ina mafuta na maji katika matangi ya kushoto yanayosawazisha. Aliikubali habari hiyo, ila kwa uso wa mtu anayekubali ushahidi wa mtu asiyemjua.

Ikabaki sitaha. Ubao wa juu kabisa tuliuacha mnene kuliko wenzake, ili mstari wa sitaha upatikane kwa randa. Kazi hiyo aliifanya Fundi Mfaume peke yake, akarudi nyuma, akafumba jicho, akaridhika. Nami nikaja na rula ndefu ya chuma, nikailaza juu ya sitaha kutoka omo mpaka tezi. Rula ilikaa juu ya ncha mbili. Katikati mwanga ulipita kwa unene wa kidole.

Hapa msomaji ambaye hajawahi kuona mashua ikiundwa anahitaji maelezo. Fundi wa pwani hanyooshi mstari wa juu wa chombo. Huuinua omo na tezi, na kuushusha kati. Sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni mawimbi. Ya pili ni kwamba chombo kikizeeka ncha zake huteremka, na kilichoundwa kimenyooka huonekana baada ya miaka kimevunjika mgongo. Kwa jicho lililofunzwa hivyo, mstari ulionyooka juu ya maji ni mstari ulioanguka. Fundi Mfaume hakuwa amekosea kwa uzembe. Mkono wake ulikuwa umefanya lile ambalo uliamini kuwa ni usawa.

“Shikamoo, Fundi,” nilianza, ingawa tulikuwa tumekwisha kuamkiana asubuhi.

“Marahaba. Ukinisalimia mara mbili kuna msiba. Sema.”

“Sitaha imepanda ncha zote mbili. Ramani inasema iwe sawa kama meza.”

Aliitazama rula, akaiondoa kwa vidole viwili. “Karani, mimi sitaunda maiti.”

“Ramani inasema hivyo, Fundi.”

“Ramani imechorwa na mtu aliyekaa kitini. Chombo kikilala hivi, bahari hupanda juu yake kama mgeni asiyebisha hodi.”

Kasiani aliacha kerezo lake. “Mzee, Bwana Injinia alisema mstari mmoja. Mimi nina watoto wanne na shamba la mihogo lililoliwa na nguruwe.”

“Watoto wako watakula heshima yangu?”

“Wakiipata na chumvi, watakula.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi Mkuu aliitwa, akaisikiliza kesi akiwa amesimama, akasema kwamba hawezi kumwamuru mtu aunde anachokiona kuwa ni kibovu, na wala hawezi kumkabidhi Bwana Injinia kitu kisichofuata ramani. Akatuma Bwana Bandari aitwe. Tangu hapo mpaka alipofika, hakuna nyundo iliyopigwa mle ndani.

Bwana Bandari aliinama juu ya mfano, akaweka shavu lake karibu na sitaha, akatazama kutoka tezi kuelekea omo.

“Ni nzuri sana,” alisema. “Lakini si yetu.”

“Bwana,” Fundi Mfaume alisema, “mawimbi yakija omo yanakwenda wapi?”

“Yanapanda juu. Siku za tufani tulilowa mpaka tumboni.”

“Na bado mliinyoosha?”

“Ndege haiwezi kukimbia mlimani, Fundi. Inataka uwanja.”

“Zikilala, zinalala hapa juu?”

“Hapana. Zinalala chini, ndani ya banda kubwa. Kuna lifti mbili za kuziteremsha. Tazama.” Alifunua ramani ya ubavu, akaonyesha kwa kalamu. “Hili ni banda. Huku omo, chini ya hii ya juu, kuna uwazi wenye nanga. Ukingo wa mwili wenyewe ni huu hapa.”

Fundi Mfaume aliufuata ukingo ule kwa kidole. Ulikuwa mstari ambao mimi nilikuwa nimeunakili mara nyingi bila kuuzingatia. Ulianza chini katikati ya manowari, ukapanda taratibu kuelekea omo, mahali pale palipokuwa na uwazi.

“Umepanda,” alisema.

“Ndiyo, mwili umepanda. Hii ya juu tuliiweka baadaye, juu ya kuta za banda.”

Alikiondoa kidole. Kisha akatoka nje, akasimama uani, akaitazama nyumba ya zamani ya forodha iliyojengwa kwa mawe na chokaa, ambayo haina paa la mteremko bali dari bapa iliyopigwa sakafu, ambapo karani wa forodha alikuwa akianika pilipili zake. Aliporudi hakutazama mtu.

“Nilidhani naunda chombo,” alisema. “Hii ni nyumba imepandishwa juu ya chombo. Chombo kiko chini, na kimeundwa sawa. Hii juu ni dari. Dari ikiinuka pembeni maji hutuama kati, na mwashi hupigwa faini.” Akamgeukia Kasiani. “Nipe randa, mtu wa milimani, usimame mbali usije ukaanza kuaga watoto.”

Alizipunguza ncha zote mbili mpaka rula ikakaa bila mwanga. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwamo katika mpango wangu. Katika uwazi wa omo, chini ya dari ile, aliuchonga ukingo wa mwili kwa patasi nyembamba kama ulivyoonyeshwa katika ramani, ukipanda, na akaupa muda mwingi kuliko sehemu yoyote nyingine ya mfano, ingawa ilimpasa mtu kuinama mno ili auone.

Bwana Injinia alikuja na rula yake mwenyewe. Aliilaza juu ya sitaha kwa urefu, akailaza kwa mshazari, akapima mnara, dohani na lifti, akahesabu ndege. Kila alipopima alilinganisha na ramani na kusema neno moja: “Sawa.” Alipomaliza aliikunja ramani.

“Je, nani amechora mstari huu wa sitaha?”

“Randa ya Fundi Mfaume, Bwana,” alijibu Fundi Mkuu.

“Basi Fundi Mfaume anaweza kusoma ramani. Kitengo hakifungwi.”

Fundi Mkuu akasema, “Bas,” na Kasiani akaenda nje akakaa juu ya gogo, akajifunika uso kwa kofia.

Mfano uliwekwa ndani ya sanduku la kioo katika ofisi ya Bwana Bandari, na wageni wa serikali waliofika Lindi walionyeshwa. Maagizo ya bandari mpya yalifika kama ilivyoahidiwa: mashua kumi za aina moja, kwa ramani moja. Nilikata vigezo vya bati kwa kila ubao na kila taruma, na mashua ya kwanza na ya mwisho zilikuwa sawa kiasi ambacho kifuniko cha moja kilifunga nyingine.

Zilipokuwa zinaundwa, Fundi Mfaume alikuja katika meza yangu. Hakuwa na desturi hiyo.

“Karani, niandikie barua, nataka kuacha kazi.”

“Kuna nini, Fundi? Kazi si imepatikana?”

“Imepatikana. Jana shemeji yangu wa Kivinje kanipa mtumbwi wake niupandishe ubao wa juu ubavuni. Nimeupandisha. Nikarudi nyuma nikautazama, nikaona mzuri.” Aliinyoosha mikono yake, akaitazama viganja na migongo. “Umenyooka kama meza. Nimeutazama umenyooka, na jicho langu likasema ni mzuri. Nikikaa hapa mwaka mwingine nitakuwa nawaundia watu samani za kuzama nazo.”

Nilimwambia kwamba jicho linaweza kurudi. Alisema huenda, lakini si hapa, na akaniomba niandike kwa mwandiko mzuri.

Nilikaa katika karakana ile mpaka umri wa kustaafu, nikawatumikia mainjinia wengine kadhaa na mafundi wakuu wawili. Vijana huniuliza ni ipi bora, ramani au jicho. Mimi sijapata kuona ubora wa moja ukiondoa wa nyingine. Ramani humwezesha mtu asiyeujua ufundi kuupima ufundi, na huo ni uwezo mkubwa. Wengi walikula kwa uwezo huo, nami nikiwamo. Jicho humwezesha fundi kujua kitu ambacho mpimaji hajauliza. Karakana inayotaka kudumu hulipa kwa kupoteza kimoja kati ya hivyo viwili, na kwa kawaida huwa haijui imelipa nini mpaka aliyekuwa nacho aondoke.

Lililofuata ni hili. Kitengo cha mashua hakikufungwa, na watu watano waliobaki hawakukosa kazi. Fundi Mfaume alirudi Kivinje. Bwana Injinia alipoulizwa ni nani atakayeajiriwa mahali pake, alijibu kwamba ramani zinatosha, na nafasi ile haikujazwa.